Mduara wa Pili wa Minyaa

Singida Mjini,
6 Mei 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta u mzima na goti limepunguza ukali baada ya mvua kukatika. Huku hatujambo. Wajukuu zako wanakusalimu, na yule mdogo amesema nianze kwa kukuambia kwamba ameng'oka jino la mbele, kwa hiyo nimeshakuambia.

Barua nimempa Lazaro, kondakta wa basi la Mwanza, atakushushia hapo Ulemo kwa muuza maandazi kama kawaida. Ningepiga simu, lakini utaniambia tena kwamba ndani ya simu unasikia tu ule mngurumo wa boila la kiwandani ulioharibu masikio yako.

Baba, kile kiwanda chenu cha dawa za pamba usingekitambua. Ukuta wa nje ni uleule, ila ndani wamekikata vipande kama mkate. Kuna kampuni tisa, kila moja na geti lake, mlinzi wake na daftari lake la wageni. Kuna sisi wa mafuta ya alizeti, kuna magodoro, chakula cha kuku, mifuko ya plastiki, asali, na nyingine ambazo mwaka wa pili huu sijajua zinatengeneza nini. Bango linasema Kongano la Viwanda. Watu wanasema tu "kwenye makampuni". Mimi bado nipo kwenye mizani, napima magunia ya wakulima, na msimu ndio umeanza.

Sasa neno lililonifanya niandike. Nyuma ya Bohari ya Pili wanataka kumwaga zege, pawe maegesho ya malori. Wamebandika tangazo kwamba mwenye kaburi eneo hilo ajitokeze kabla ya tarehe 15 Juni, na kaburi litahamishwa kwa gharama zao. Nilisoma nikasimama pale nikamkumbuka mama. Unajua alivyonishika mkono siku zile za mwisho. "Mkipata njia, mleteni Nasri alale na mimi." Nikamwahidi. Kaka yangu huyo sikumwona, alikufa ana miezi minne, miaka mitatu kabla sijazaliwa, lakini ahadi nilitoa kwa kinywa changu mwenyewe.

Nikaenda kutazama. Baba, kuna miduara miwili ya minyaa. Imepishana hatua kama thelathini, ukubwa mmoja, urefu mmoja, yote imekomaa. Kwetu mduara wa minyaa ni kaburi, hata mtoto anajua, ndiyo maana tingatinga lilipita kando. Lakini mimi nilikuwa natafuta kaburi moja. Nasri yuko wapi?

Mwanao,
Saada


Ulemo,
13 Mei 2024

Kwa mwanangu Saada,

Marahaba. Hali ya hewa: upepo na vumbi. Goti: asubuhi linauma, mchana linasahau. Masikio: yaleyale. Kuku: kumi na mmoja, mwewe amechukua mmoja. Mwambie mjukuu wangu jino alirushe juu ya paa asije akaota la panya.

Naona unacheka. Miaka kumi na tisa nimejaza daftari la zamu, siwezi kuandika namna nyingine.

Habari ya Nasri imenifurahisha na kunitia simanzi kwa pamoja. Nimemuuliza sheikh wa hapa, amesema kwa dharura kama hiyo inaruhusiwa, mradi ifanywe kwa staha. Nafasi iko kando ya mama yako, nilikuwa nimeiweka kwa ajili yangu, nitasogea.

Kumpata ni rahisi. Simama mlangoni pa Bohari ya Pili, uso uelekee nje, tangi la maji liwe mkono wako wa kushoto. Tembea hatua sitini. Nasri ni mduara wa upande wa tangi. Na kama bado una shaka, tazama mlango. Mama yako aliacha mlango mdogo katika minyaa ili apate kuingia na kukaa naye. Nilimwambia kaburi haliwekewi mlango. Akanijibu kwamba huyu ni mtoto, na mtoto hafungiwi.

Ule mduara mwingine si wetu. Usiuguse, usiingie, usiuandike kwenye fomu yao yoyote.

Baba yako,
Idrissa


Singida Mjini,
22 Mei 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, jino lilirushwa paani likarudi, likarushwa tena. Kuku waliobaki wafungie.

Nimefuata maelekezo yako na nimepotea mahali ambapo nafanya kazi. Mlango wa Bohari ya Pili uliousema umezibwa kwa matofali, wamefungua mwingine upande wa pili. Tangi la maji liliuzwa chuma chakavu. Kuna tangi jingine, la plastiki, la watu wa asali, lakini limewekwa mwaka jana. Nilipomuuliza mlinzi wa chakula cha kuku Bohari ya Pili iko wapi aliniambia hapa hakuna bohari, kuna "yadi". Mlinzi wa plastiki akasema hiyo niliyosimama ndani yake ndiyo bohari. Nilisaini madaftari matano ya wageni siku moja, na mimi si mgeni.

Kitu kimoja tu nina hakika nacho. Magodoro wamejenga palipokuwa kota zetu, maana mwarobaini wa mlangoni kwetu bado upo, wameupigilia bango la punguzo la bei.

Kuhusu mlango, Baba, hapo ndipo nilipochoka. Miduara yote miwili ina mlango. Mmoja uko karibu na ukuta wa chakula cha kuku, na mlango wake unatazama magodoro. Wa pili uko karibu na ukuta wa plastiki, na mlango wake unatazama barabara ya Sepuka. Matawi yamefungana juu, lakini chini mtu mzima anainama anapita. Si mahali ambapo mnyaa umekufa wenyewe. Imekatwa kwa panga, tena zaidi ya mara moja, makovu yanaonekana.

Halafu nimekumbuka jambo. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa ananipeleka pale. Nakumbuka tuliingia mara mbili, tukakaa mara mbili. Alikuwa akiniambia, "Wasalimie wenzako." Nilidhani ni namna yake ya kusema.

Ule mwingine ni wa nani?

Mwanao,
Saada


Ulemo,
30 Mei 2024

Kwa mwanangu Saada,

Marahaba. Hali ya hewa: shwari. Goti: linauma. Masikio: yaleyale.

Sijaelewa barua yako. Nimeisoma mara tatu na nikampa mwalimu jirani anisomee kwa kuniandikia upya kwa herufi kubwa, isije ikawa ni macho. Mduara wa pili hauna mlango. Haukuwa na mlango. Naujua kwa sababu ninaujua. Kama una mlango basi mtu ameukata, na sijui ni nani angethubutu wala kwa nini.

Nimechora ramani. Nimeichora mara nne na kila nikimaliza inanikataa. Nikiliweka tangi mahali pake, kota zinakwenda juu ya reli ya mizigo. Nikiziweka kota, bohari inageuka. Nadhani Nasri ni mduara wa kulia. Katika barua iliyopita niliandika wa upande wa tangi, yaani kushoto. Tangi lilikuwa kushoto kwa mtu anayetoka, ila mimi mara nyingi nilikuwa naingia. Saada, nilikuwa napita pale kila siku kwa miaka kumi na tisa na sasa siwezi kupita hata kwenye karatasi.

Kuhusu kusalimia wenzako, umekosea. Ulikuwa mtoto. Ulikuwa na kaka mmoja.

Usiniulize tena habari ya mduara wa pili.

Baba yako,
Idrissa


Singida Mjini,
10 Juni 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi wazima wa mwili.

Nimeandika barua hii mara mbili nikachana. Hii ni ya tatu na nitaipeleka kwa Lazaro kabla sijaisoma tena.

Ofisi ya kongano ina afisa mmoja kijana, anaitwa Sixbert. Ni mtu mstaarabu. Alinipa fomu, nikajaza jina la Nasri. Fomu ina sehemu ya kaburi la kwanza na la pili, la pili nikaliacha wazi kama ulivyosema. Akaniuliza, "Dada Saada, makaburi ni mawili, yamezungushiwa minyaa ya rika moja, yana milango sawa. Hata mimi ambaye si wa huku naona ni mkono mmoja. Sasa lako ni lipi?" Nikamwambia sijui. Akauliza la pili ni la nani. Nikamwambia sijui. Akaniangalia kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniuma. Ameongeza muda hadi mwisho wa mwezi.

Baba, mimi ni mtu mzima, nina watoto. Mama hayupo, hataumia tena. Sitakuhukumu na sitamwambia mtu. Lakini mduara wa minyaa ni kaburi. Umekatazwa kuguswa, umekatazwa kuandikwa, na wewe unaujua "kwa sababu unaujua". Naomba usinikasirikie kwa hili ninalouliza.

Una mtoto mwingine?

Mwanao,
Saada


Singida Mjini,
24 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Wiki mbili zimepita. Lazaro anasema barua alikupa mkononi mwako, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani bila kumuaga. Kama nimekukosea adabu naomba radhi, nimelelewa vizuri kuliko swali lile.

Lakini lazima nikuambie. Sixbert amesema kwa kuwa hakuna anayejua, watayahesabu yote mawili kuwa makaburi yetu. Jumatatu tarehe 1 Julai vijana wa mtaa watafungua mduara mmoja baada ya mwingine, na tutakachokipata kila upande tutakileta Ulemo. Mimi nitakuwepo. Nimeomba ruhusa ya kuingia na kuchimba kwa mkono wangu mwenyewe mwanzo, kama ilivyo heshima.

Hata kama hutaki kunijibu lile swali, niambie tu kama u mzima.

Mwanao,
Saada


Ulemo,
26 Juni 2024

Saada,

Hali ya hewa sikuangalia.

Msifungue ule mduara. Mpe Sixbert barua hii aisome mwenyewe, na wewe usiingie humo hata kwa kuchungulia. Lazaro nimemwambia asiiweke mfukoni, aishike.

Sina mtoto mwingine. Sijapata kuwa naye. Chini ya ule mduara kuna mapipa kumi na mawili.

Ilikuwa mwaka tisini na tatu, miezi michache kabla kiwanda hakijafungwa. Kulikuwa na dawa iliyoharibika, haiuziki na hairudishiki. Meneja wa wakati ule alituita watu wanne Jumapili mchana, wakati wengine wako kanisani na mapumzikoni. Tulichimba hadi jioni. Tuliyashusha kwa kamba. Mawili yalikuwa yanavuja, na mwenzetu Chediel mikono ilimbabuka mwezi mzima. Tulipomaliza tukaapishwa, kila mtu kwa dini yake, kwamba hatutasema hata kwa wake zetu. Wenzangu watatu wametangulia. Nimebaki mimi na kiapo.

Baadaye watu wa kota wakaanza kulima bustani sehemu zile. Mama mmoja alifika hatua kumi na jembe lake. Sikulala vizuri. Sikuwa na ruhusa ya kusema na sikuwa na ubao wa kuandika hatari, na hata ningeandika, ungeibiwa ukawa mlango wa choo. Nikafikiri, ni kitu gani ambacho mtu wa kwetu akikiona haweki jembe? Nikaenda nikakata vipande vya minyaa. Nikapima kwa kamba ileile niliyopimia mduara wa Nasri ili ifanane kabisa, mtu aseme hapa pana maiti apite kando. Na mlango sikuweka. Nilikuwa nataka asiingie mtu milele.

Imefanya kazi miaka thelathini. Sasa ndiyo inataka kukuua wewe, kwa kuwa wewe una adabu na unataka kuchimba kwa mkono wako mwanzo.

Swali lako nilikaa nalo. Sikukasirika. Niliona kwamba uliyofikiri yalikuwa na nafuu kuliko niliyofanya, nikashindwa kukuandikia. Tena niliogopa wakijua watafunga makampuni, na wewe una kazi pale. Mimi mtu wa zamu nilipaswa kujua kwamba kinachovuja hakiachi kuvuja kwa kuwa umekifunika.

Ila mlango sielewi. Nani alikata mlango?

Baba yako,
Idrissa


Singida Mjini,
5 Julai 2024

Kwa Baba,

Shikamoo, Baba yangu. Mimi ni mzima. Nalirudia hilo kwa sababu najua ndilo unalotafuta kwanza kwenye karatasi: mimi ni mzima, hapajachimbwa hata koleo moja.

Barua ilinifikia Alhamisi saa nne, Lazaro ameishika kama ulivyomwambia. Nilimpelekea Sixbert mbio. Aliisoma, akaisoma tena, akavua miwani. "Dada Saada, mwanzo ulisema kaburi moja. Kisha yakawa mawili. Sasa ni mapipa. Niandike nini?" Nikamwambia andika yote. Hakunicheka. Alituma utepe ukazungushiwa siku ileile na akaandika kwenda mkoani waje wataalamu.

Kuhusu makampuni, hapo ndipo utakapocheka wewe. Ilipodhaniwa ni makaburi, kila kampuni ilisema kipande kile ni chake, mbili zilishasogeza fensi. Ijumaa kilipoitishwa kikao, plastiki wakasema eneo ni la kuku, kuku wakasema ni la asali, asali wakaleta ramani inayoonyesha kwamba mpaka wao unaishia kabla ya hapo. Kwa saa mbili ardhi ile haikuwa ya mtu. Mwisho Sixbert akasema basi ni ya kongano, na akanywa maji.

Lakini bado tulikuwa hatujui mduara upi ni upi, na ramani zako, Baba, samahani, zinapingana zenyewe kwa zenyewe. Swali lako la mlango likanifanya nipande gari Jumapili kwenda Sepuka kwa mama mdogo Zabibu. Nilifikiri, mama hakuficha kitu kwa mdogo wake.

Nilimkuta anapepeta mtama. Nilipomuuliza nani alikata mlango kwenye mduara wa pili, aliweka ungo chini.

"Kwani baba yako amesema?"

"Amesema nini, mama?"

"Habari ya yule mtoto wake."

Nikamwambia hakuna mtoto, ni mapipa ya dawa. Aliniangalia kama niliyepagawa. Nikamsomea nakala ya barua yako. Akasema nimwandikie mzee haya yote kama yalivyo, nisipunguze, kwa hiyo nakuandikia.

Alisema, "Dada yangu alimwona mumewe kwa dirisha la kota. Mchana wa jua kali, peke yake, anapanda minyaa kwa mduara, na anapima kwa kamba ya Nasri. Akirudi ndani haongei. Usiku anageukia ukutani. Wewe ungefikiri nini? Alijua mumewe amezaa nje, mtoto amekufa, amemzika karibu na nduguye na hana uso wa kusema. Alilia wiki nzima hapa kwangu. Nikamwambia muulize. Akasema nikimuuliza itabidi ajibu, na akijibu itabidi niondoke, na mimi sitaki kuondoka."

Ndipo akasema lililobaki. "Baadaye akaniambia, Zabibu, mtoto hana kosa. Amezungushiwa, hana mlango, hana wa kumtembelea. Akaenda na panga. Mlango wa Nasri unatazama kota, ili aone kwao. Huyu mwingine hakujua kwao ni wapi. Akamfungulia upande wa barabara, akasema mama yake akipita amwone. Alikuwa anamwita Mgeni. Hata mlipohamia Ulemo, kila akija kwangu alikuwa anapitia pale, anaanza kwa Nasri, anamalizia kwa Mgeni."

Baba, magodoro yapo palipokuwa kota. Mduara ambao mlango wake unatazama magodoro ndio Nasri. Ule wa karibu na ukuta wa chakula cha kuku. Tumempata.

Sijui nisikie furaha au nini. Miaka mingi mama alikuwa anakaa juu ya mapipa yale akimliwaza mtoto ambaye hakuwapo, mimi nikiwa mapajani mwake, kwa sababu alikuwa na moyo mzuri na wewe ulikuwa na kiapo. Nimekukasirikia siku mbili, nikachoka. Kisha nimekuhurumia, nalo likanichosha. Leo nimerudi kwenye mizani, napima magunia, najikuta nimesahau namba kabla sijaiandika.

Wamepanga Jumamosi tarehe 27 kumwinua Nasri. Njoo, hata goti likikataa. Sitaki kushika udongo ule bila wewe.

Mwanao,
Saada


Ulemo,
19 Agosti 2024

Kwa mwanangu Saada,

Marahaba, ingawa hukuniamkia bado, najua ungeniamkia. Hali ya hewa: baridi asubuhi. Goti: limenisamehe safari. Kuku: tisa.

Uliniuliza tulipoagana kwa nini sikusema neno njiani kutoka kwenye makampuni hadi huku, na kifurushi cha Nasri kikiwa mapajani. Nilitarajia mifupa, hata midogo. Tulikuta udongo mweusi kidogo kuliko mwenzake na lile jiwe bapa tulilomwekea, basi. Sheikh alisema huo udongo ndiye. Nimekubali. Kifurushi kilikuwa chepesi kama alivyokuwa yeye.

Sixbert ameniandikia kwa mkono wake, nadhani wewe ndiye uliyemwambia kwamba simu kwangu ni boila. Anasema wataalamu wamepima udongo na maji ya kisima, majibu hayajatoka, na mapipa yatatolewa na watu wenye mavazi ya kazi hiyo. Nimemchorea yalivyopangwa, sita juu ya sita, yanayovuja yako upande wa barabara. Safari hii mchoro haukunikataa. Kama wakija kunikamata kwa ajili ya kiapo, waje mchana, nina chai. Na kama kazi yako itaingia doa kwa ajili yangu, nisamehe kwa hilo peke yake, haya mengine sijui kama yanasameheka kwa barua.

Nimempandia mama yako minyaa, mduara mmoja unaowachukua wote wawili. Nimeacha mlango unaotazama nyumba.

Jana alasiri niliingia. Nilikaa kwa namna alivyokuwa akikaa yeye kule kwa Nasri. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi na yote yakanipotea, kwa hiyo nikamsomea kama ripoti ya zamu. Nikamwambia Mwantum, mke wangu, mwaka tisini na tatu niliamriwa nifukie mapipa kumi na mawili na nikafukia. Niliapa nisikuambie na sikukuambia. Minyaa niliipanda mimi ili watu wasichimbe. Sikuzaa nje. Hakukuwa na Mgeni, ulikuwa unakaa peke yako. Nikamwomba radhi kwa kila mara aliyoinama akapita kwenye ule mlango. Vijana waliokuwa wanapita na mbuzi waligeuka kutazama, kwa kuwa siku hizi sijui tena sauti yangu ina ukubwa gani. Nikarudia mara ya pili, polepole, kisha nikakaa hadi jua likashuka.

Masikio: yaleyale. Kwa hiyo kama alijibu, sikusikia.

Baba yako,
Idrissa